Maua ya Vuli: Zafarani ya Ugenini na Matunguu ya Kwetu

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama, na kuchapwa hapa kwa faida ya wale ambao kazi iliwazuia kuhudhuria.)



 Katika mikutano yetu tumezoea kusikia habari za mishahara, za likizo, za nyumba na za malipo ya uzeeni. Na hiyo ni haki, maana mtumishi asiyejua haki yake ni kama mpagazi asiyejua uzito wa mzigo wake. Lakini Kamati imeona ni vema mara moja moja tuzungumze pia juu ya mambo ya nyumbani, ambako mtumishi huvua koti lake na kuwa mtu kama watu wengine. Basi mimi nimechagua kusema juu ya maua. Nawaomba msicheke kabla ya kusikia, kwa sababu ndani ya habari hii mna mambo matatu yanayomgusa kila mmoja wetu: mna fedha, mna usalama wa watoto wetu, na mna furaha isiyokuwa na gharama kubwa.

VULI MBILI

Sisi watu wa pwani tukitaja vuli twakusudia mvua ndogo zinyeshazo tangu Oktoba hata Desemba, baada ya kipupwe na demani kupita, na kabla joto la kaskazi halijashika. Lakini ukifungua kamusi kutafuta jina la majira yale ya Ulaya ambayo majani ya miti hugeuka rangi na kupukutika, aghalabu utakuta neno lilo hilo, vuli. Wafasiri hawakukosa sana, kwa kuwa vuli yao huanza Septemba, na vuli yetu huanza Oktoba, na zote mbili hukutana Novemba. Walakini tabia zake ni mbalimbali kabisa. Vuli ya Ulaya ni mlango wa baridi. Vuli yetu ni mlango wa mvua. Huko mimea mingi hujiandaa kulala. Hapa mimea iliyolala huamka.

Hata hivyo liko jambo moja ambalo nchi zote mbili hushirikiana. Huko na huku ipo mimea ambayo mwaka mzima mtu hupita juu yake bila kujua kwamba ipo. Kisha, majira yanapogeuka, ua hutoka ghafula katika udongo mtupu, mara nyingi bila jani hata moja. Mimea hiyo ina akiba yake chini ya ardhi, nayo haingojei mshahara wa mwisho wa mwezi.

Akiba hiyo nitaiita tunguu, lakini yafaa tujue kuwa si zote za namna moja. Ukikata kitunguu cha jikoni utaona maganda juu ya maganda. Hilo ndilo tunguu la kweli. Ukikata gimbi utaona nyama moja ngumu isiyo na maganda ndani, kwa kuwa gimbi ni shina lililonenepa. Na ukikata kiazi kitamu utaona mzizi ulionenepa. Shikeni mifano hii mitatu, nami nitairudia.

KROKASI NA NDUGU ZAKE

Mmea wa Ulaya na Asia unaosifiwa kwa desturi hii ya kuchanua ghafula huitwa krokasi. Tunguu lake ni la namna ya gimbi, ila ni dogo, limevaa ganda la nyuzi kavu. Ziko aina zaidi ya mia moja, na kwao ni tangu Ureno na Moroko hata magharibi ya China. Nyingi huchanua baridi inapokwisha, lakini baadhi yake huchanua wakati wa vuli ya huko.

Mwingereza mmoja, E. A. Bowles, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuzipanda na kuzilinganisha katika bustani yake karibu na London, na mwaka 1924 alitoa kitabu juu ya krokasi na juu ya mmea mwingine unaofanana nazo, ambao nitautaja punde. Na tuzitazame aina chache, kwa kuwa kulinganisha ni mwanzo wa kujua.

Crocus speciosus hutoka Uturuki, Kaukasi na Iran. Ua lake ni kubwa, la rangi ya samawati iliyochanganyika na zambarau, lenye mishipa myeusi myeusi. Huongezeka upesi kwa mbegu na kwa matunguu madogo, na kwa hiyo husemwa kuwa ndiyo ya kumpa mtu anayeanza. Crocus nudiflorus ni ya milima ya kati ya Ufaransa na Hispania. Nayo huchanua pasipo majani kabisa, na hutambaa chini kwa chini hata ikafanya kundi. Crocus goulimyi ya kusini ya Ugiriki haikujulikana kwa wataalamu hata mwaka 1955. Ua lake lina shingo ndefu na hutoka pamoja na majani. Crocus laevigatus, ya Ugiriki pia, ina harufu nzuri na hukawia, hata wakati mwingine ikachanua katikati ya baridi wakati wenzake wamekwisha lala.

Na ya tano ni ile ambayo kila mmoja wetu amekwisha kuila bila kulijua ua lake: Crocus sativus, yaani zafarani.

ZAFARANI

Naam, Mabwana, zafarani iliyomo katika biriani ya arusi na katika halua ya Oman na ya Unguja ni krokasi ya vuli. Jina lenyewe twalipata kwa Waarabu. Walimu wa pwani huitumia kuwa wino wa kuandikia kombe. Tumeijua kwa karne nyingi jikoni na chuoni, lakini hatujapata kuiona ikichanua, maana hutufikia imekauka.

Ua la zafarani ni la zambarau. Ndani yake mna nyuzi tatu za kiume, za manjano, zibebazo vumbi la ua. Na mna uzi mmoja wa kike unaogawanyika kuwa matawi matatu mekundu. Hayo matawi matatu ndiyo zafarani, na kitu kingine chote hutupwa. Huchumwa kwa mkono asubuhi, hutenganishwa kwa mkono, na kukaushwa. Yahitajiwa maua yapata 150,000 kupata kilo moja iliyokauka. Sehemu kubwa sana ya zafarani ya dunia hutoka Iran; Kashmir na Hispania pia zina sifa tangu zamani, na hata Uingereza uko mji uitwao Saffron Walden, uliopata jina kwa biashara hiyo.

Jambo la ajabu zaidi ni kwamba zafarani haizai mbegu. Ni tasa. Mzazi wake ni krokasi ya mwitu ya Ugiriki, na tangu wanadamu walipoipata wameiendeleza kwa kugawa matunguu tu. Kwa hiyo kila tunguu la zafarani liliopo leo limepita katika mikono ya watu, mkono kwa mkono, tangu kale. Pasipo mkulima, zafarani ingekufa.

Kwa kuwa ni ya thamani, ina waigaji wengi. Wako wauzao maua makavu ya mmea mwingine wenye miiba, wa jamii ya alizeti. Wako wauzao nyuzi za mahindi zilizotiwa rangi. Na iliyosagwa huchanganywa na manjano. Mke wa karani hununua kidogo kwa fedha nyingi, na fedha hiyo ina jasho. Basi haya ndiyo majaribio mawili yasiyohitaji maabara. La kwanza: tia nyuzi chache katika maji. Zafarani ya kweli hutoa rangi polepole, maji yakawa ya dhahabu, na uzi wenyewe ukabaki mwekundu kwa muda mrefu. Ya uongo hutapika rangi yake mara moja na kubaki imepauka. La pili ni kwa iliyosagwa: tia chembe ya magadi katika maji yake. Yakiwa na manjano, yatageuka kuelekea rangi ya damu ya mzee. Zafarani safi hubaki na rangi yake ya dhahabu. Tena tazama umbo: uzi wa kweli mwisho wake mmoja umepanuka kama mdomo wa tarumbeta.

JE, YAWEZA KUPANDWA KINONDONI?

Hapa nafika penye fedha. Mtu akisikia bei ya zafarani hupatwa na ndoto. Husema: nina kiwanja Mwananyamala, au nina shamba dogo nyuma ya Tandika, kwa nini nisiagize matunguu, nikaacha kuchapa barua za watu wengine? Na hapana uhaba wa watu walio tayari kukuuzia matunguu hayo pamoja na maneno matamu. Yafaa tulijibu swali hili kwa hesabu, kwa kuwa sisi ni watu wa hesabu.

Wataalamu waliochunguza mmea huu wameona kwamba kichipukizi cha ua hufanyika ndani ya tunguu wakati wa kiangazi, lilipolala, katika joto la digrii 23 hata 27 za Selsiasi. Hiyo sisi twaweza kuipa. Lakini ili ua litoke nje, tunguu hutaka joto lishuke hata yapata digrii 17. Hapa Dar es Salaam, hata katika usiku wa Julai, ambao ndio mwezi wetu wa baridi, joto hushuka karibu na digrii 18 au 19 tu, na mchana wake hupanda tena karibu na 29. Na vuli inapofika, badala ya kupoa twazidi kuelekea joto la kaskazi. Tunguu la zafarani likipandwa Temeke ni kama mtu aliyefunga mizigo yake yote na kungoja barua ya safari isiyofika kamwe.

Msidhani kwamba tumenyimwa sisi peke yetu. Katika bustani nyingi za Uingereza zafarani hutoa majani tu bila ua, kwa sababu kiangazi cha huko hakina joto la kutosha. Sisi tuna joto bila ubaridi. Wao wana ubaridi bila joto. Zafarani yataka vyote viwili, kimoja baada ya kingine, na ndiyo maana Iran na Kashmir huipata.

Wako watu duniani wanaoichanulisha ndani ya vyumba vilivyopozwa kwa mashine. Haikosi kuwezekana. Lakini fanyeni hesabu hii. Tunguu moja hutoa ua moja, au mawili, au matatu. Tuseme umenunua matunguu 100, na kila moja kwa bahati njema limetoa maua matatu. Una maua 300. Ukigawa kwa 150,000 kwa kilo, umepata gramu mbili. Gramu mbili, Mabwana, baada ya gharama za matunguu, za kuagiza, na za umeme wa kupoza chumba mchana na usiku. Mwenye kutaka kufanya kwa kujifunza, na afanye. Lakini asiweke humo ada ya shule ya mtoto.

Watu wa ukoo wa krokasi hawakosi kwetu Afrika ya Mashariki, ila wamepanda juu kutafuta baridi. Katika nyanda za juu za Mlima Kenya huota ua dogo liitwalo Romulea keniensis, nalo ni ndugu wa karibu wa krokasi. Aliye wa baridi hukaa penye baridi. Sisi wa pwani tuwatafute walio wa mvua.

MFANANO WENYE SUMU

Lakini kabla sijafika huko, sina budi kusema juu ya usalama. Nilisema kwamba Bwana Bowles aliandika pia juu ya mmea unaofanana na krokasi. Mmea huo huitwa kolchiko, Colchicum kwa jina la wataalamu, na ukoo wake ni mwingine kabisa. Nao huchanua wakati wa vuli ya Ulaya bila majani. Majani hufuata baada ya baridi. Waingereza hata huuita krokasi ya vuli, jina ambalo limewadanganya wengi. Njia ya kuwatenga ni kuhesabu nyuzi za kiume: krokasi ina tatu, kolchiko ina sita. Kosa la tatu na sita ni kubwa, maana kolchiko ina sumu kali iitwayo kolchisini. Huko Ulaya watu wamekufa kwa kuchuma majani yake wakidhani ni mboga ya mwitu yenye harufu ya kitunguu saumu.

Pengine mtauliza: hayo ya Ulaya yatuhusu nini? Yatuhusu sana, kwa sababu ndugu wa kolchiko anaota penye ua wa nyumba zetu. Mmea huo wataalamu huuita Gloriosa superba, na baadhi ya watu wa pwani huuita mkalamu. Mmeuona mara nyingi mvua zinaponyesha: hupanda juu ya vichaka na nyua kwa ncha za majani yake, ambazo hujisokota kama kikonyo cha mzabibu, na ua lake lina mapetali sita yaliyokunjwa kurudi nyuma, mekundu yenye kingo za manjano zilizojikunja-kunja, kama ndimi za moto. Ni ua zuri mno, hata nchi ya Zimbabwe imelifanya kuwa ua la taifa.

Chini yake mna kiazi chembamba kama kidole, mara nyingi kimepinda kama kiwiko cha mkono. Ndani ya kiazi hicho mna sumu ile ile ya kolchisini. Katika India na Sri Lanka watu wamekufa kwa kukila wakidhani ni kiazi cha kawaida. Kukipika hakuondoi sumu. Na ubaya wake ni kwamba haisemi mara moja: mtu hukaa saa kadhaa akiwa mzima, kisha huanza kutapika na kuharisha kwa nguvu, na siku zifuatazo viungo vya ndani huanza kushindwa kazi. Hapana dawa maalumu ya kuikata.

Basi nawasihi: nyumba yenye watoto wadogo isipande mkalamu. Ukiota wenyewe penye ua wako, uchimbe wote pamoja na viazi vyake, na usivitupe mahali ambapo watoto huchezea mchezo wa kupika. Wala usiweke kiazi cha mkalamu katika ghala moja na viazi na mihogo. Na ikitokea mtu amekula, asingojewe mpaka aumwe. Apelekwe hospitali mara hiyo, na kipande cha mmea kichukuliwe pamoja naye ili daktari ajue ni kitu gani.

Sumu hii nayo ina manufaa mikononi mwa wanaojua kuipima. Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, waliitoa katika kolchiko mwaka 1820, na hata leo madaktari huitumia kwa kipimo kidogo sana kutibu jongo, ule ugonjwa uumizao viungo, hasa kidole gumba cha mguu. Lakini kipimo cha kuponya na kipimo cha kuua vimekaa karibu mno. Basi asiwepo mtu wa kujipikia dawa hiyo nyumbani.

MAUA YA VULI YETU

Sasa nafikia furaha. Ikiwa krokasi haitaki kuja kwetu, tunayo matunguu matatu yaliyo tayari kufanya kazi ile ile, nayo yanataka mvua badala ya baridi.

La kwanza ni lile la mpira mwekundu, ambalo wataalamu huliita Scadoxus multiflorus. Ni la Afrika hii hii. Mvua za kwanza zinapoanza, shina nene hutoka katika ardhi tupu, na juu yake kichwa cha mviringo chenye maua madogo madogo mekundu, ambayo yaweza kufika 200 kwa kichwa kimoja. Kichwa hicho hudumu yapata juma moja au mawili. Kisha hufuata majani mapana, na baadaye matunda mekundu. Lapenda kivuli chepesi, na kwa hiyo lafaa chini ya mwembe, ambako mboga hazistawi.

La pili ni krino, au Crinum. Tunguu lake ni kubwa, na maua yake ni makubwa meupe, mengine yenye mistari ya waridi iliyokolea. Aina moja iitwayo Crinum kirkii ilipewa jina la John Kirk, aliyekuwa balozi wa Uingereza huko Unguja katika karne ya 19. Aghalabu ua lake hufunguka jioni, na mengi yana harufu nzuri. Kwa hiyo lamfaa mtu anayerudi kazini jua linapokuchwa. Mbegu zake ni kubwa, laini, zenye maji ndani, na huweza kuota hata zikiwa zimewekwa juu ya meza bila udongo.

La tatu ni ua la mvua, Zephyranthes, ambalo asili yake ni Amerika lakini limekwisha kuwa mwenyeji wa bustani zetu. Hili ndilo linalofanana zaidi na krokasi kwa umbo na kwa udogo: kikombe kimoja juu ya kikonyo kimoja, cheupe, cha waridi au cha manjano kwa kadiri ya aina. Siku chache baada ya mvua nzuri, kitalu chote huchanua kwa pamoja. Kila ua hudumu siku moja au mbili tu, lakini mvua ikirudi, nalo hurudi.

Tukiyalinganisha, basi: kwa wingi wa rangi katika ua moja, la kwanza lashinda, kwa harufu, krino, kwa kuchanua mara nyingi na kuongezeka upesi, ua la mvua. Mwenye nafasi ya debe moja tu, na achukue ua la mvua. Mwenye mti wa kivuli, achukue la mpira mwekundu. Mwenye kiwanja na subira, achukue krino, kwa sababu linalopandwa kwa mbegu hukaa miaka kadhaa kabla ya kuchanua. Na yote matatu yana uchungu na sumu ndani ya tunguu, ingawa si kama ya mkalamu; hutapisha. Kwa hiyo nayo yasiwekwe karibu na vitunguu vya jikoni.

JINSI YA KUYATUNZA

Adui wa kwanza wa tunguu ni maji yaliyotuama, ambayo huliozesha. Mchanga wa upande wa Temeke na Mbagala, ambao wakulima wa mboga huulalamikia, kwa matunguu ni neema, kwani maji hupita upesi. Uongezeeni majani yaliyooza na samadi ya mbuzi iliyokaa muda mrefu. Wale wakaao mabondeni, karibu na Msimbazi, na wapande katika tuta lililoinuka, au katika debe lililotobolewa chini na kuwekewa vipande vya vigae.

Tunguu la mpira mwekundu lipandwe shingo yake ikiwa sawa na uso wa udongo. Krino lizikwe, lakini shingo ibaki nje. Ua la mvua lipandwe kina cha vidole viwili, mengi pamoja, maana halichukii kubanana.

Baada ya masika, majani ya mpira mwekundu yanapogeuka manjano, usiyakate. Yaache yapeleke chakula chake chini hata yakauke yenyewe. Kisha acha kulinyweshea maji. Wengi hulihurumia tunguu lililolala na kulimwagia maji kila jioni ya kipupwe, na huko ni kuliua kwa wema. Likizo ni haki yake, kama ilivyo haki yetu. Mvua ya vuli ndiyo italiita kazini.

Adui wa pili ni kiwavi mwenye mistari apendaye majani ya krino, ambaye hutoboa hata ndani ya tunguu. Dawa yake ni macho na vidole: mchunguze jioni, umtoe, umwue. Akiachwa siku chache, hasara itakuwa kubwa.

DAFTARI

Kuna chombo kimoja ambacho sisi twakijua kuliko wakulima wengi, nacho ni daftari. Chukueni kurasa chache na kuzipiga mistari: tarehe ya mvua ya kwanza, tarehe ya ua la kwanza, idadi ya maua, tarehe ya majani kukauka, hesabu ya matunguu. Fanyeni hivyo kila mwaka. Mtu wa Magomeni na mtu wa Mtoni wakilinganisha madaftari yao baada ya miaka mitatu, watajua jambo juu ya vuli ya mji huu ambalo halimo katika kitabu chochote. Bowles hakuwa na silaha nyingine kubwa kuliko hiyo: alipanda, akatazama, akaandika.

MWISHO

Nimebakiwa na neno moja. Mtumishi wa serikali hahesabiwi kuwa mwenyeji wa mahali. Leo yuko Kinondoni; mwezi ujao barua yaja, naye yuko Tabora, au Songea, au Mtwara. Mwembe alioupanda humlisha mwingine, na hayo ni mema, lakini humwacha yeye mikono mitupu kila aendako. Wengi wetu tumeacha kupanda kitu chochote kwa sababu hiyo, tukisema, “Nyumba si yangu, kwa nini nijisumbue?” Na nyumba zetu zikawa kama vyumba vya kungojea treni.

Tunguu ni mmea wa mtu wa namna yetu. Likiwa limelala, hufungwa katika gazeti, hutiwa katika sanduku pamoja na shati, na kusafiri bila kudai nauli. Ukifika, walipanda, mvua ikinyesha, lachanua, nalo halijali cheo cha kituo. Ukiacha mawili na kuchukua mawili, umemwachia mwenzako na wewe hukukosa.

Kwa hiyo natoa shauri kwa Kamati: kwamba mkutano wetu wa kila mwaka ulio karibu na mwanzo wa vuli uwe pia mkutano wa kubadilishana matunguu. Kila mwanachama alete alichonacho, kikiwa kimeandikwa jina, rangi ya ua, na neno SUMU kwa herufi kubwa. Asiye na kitu apewe bure, kwa sharti la kuleta mwaka wa pili. Gharama yake kwa Chama haitazidi bei ya karatasi za kuandikia majina.

 Aliye na swali na aulize, kwani kuuliza si ujinga.